Miloš Obrenović: Mkombozi Aliyeidhani Nchi ni Boma Lake

Mwanafunzi wa historia katika shule zetu za upili huijua Serbia kwa jambo moja tu: risasi za Sarajevo za tarehe 28 Juni 1914, zilizomuua mrithi wa kiti cha enzi cha Austria na kuuwasha moto wa Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia. Mwalimu huitaja nchi hiyo ndogo, huionyesha kwenye ramani, kisha somo huendelea na safari yake kwenda Berlin, Paris na London. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza Waserbia hao walikuwa nani, dola yao iliundwa na nani, na kwa nini siasa zao zilikuwa zimezoea kumwagiwa damu. Leo, msomaji mpenzi, ningependa tumtazame mtu aliyeuweka msingi wa dola hiyo karibu miaka mia moja kabla ya risasi hizo kulia. Jina lake ni Miloš Obrenović. Maisha yake yana funzo ambalo halizeeki.

Miloš alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1780 katika kijiji cha Gornja Dobrinja, magharibi mwa Serbia. Wazazi wake walikuwa mafukara. Nchi yao ilikuwa imetawaliwa na Sultani wa Uturuki tangu karne ya 15, na mkulima Mserbia alilima ardhi ambayo kabaila wa Kituruki alikuwa na haki ya kutoza sehemu ya mavuno yake. Miloš alikua akichunga mifugo ya watu wengine. Baadaye alimtumikia Milan, ndugu yake wa mama mmoja, aliyekuwa mfanyabiashara wa mifugo. Baba yake Milan aliitwa Obren, na ni kwa heshima ya ndugu huyo kwamba Miloš alijiita Obrenović, jina la mtu ambaye hakuwa babake. Shule hakuiona. Mtu huyu aliyekuja kuandikiana na masultani na wafalme hakujua kusoma wala kuandika hadi siku aliyoingia kaburini.

Mwaka wa 1804 mambo yalibadilika. Wakuu wa askari wa Kituruki waitwao majanisari, ambao walikuwa wamekwisha kumwasi hata Sultani mwenyewe, waliwaua viongozi wengi wa Waserbia ili kuwatia hofu wananchi. Badala ya hofu ikazuka hasira. Wazee walikutana kijijini Orašac wakamchagua mfanyabiashara wa nguruwe, mtu mrefu mwenye hasira za radi, awaongoze vitani. Huyo ndiye Karađorđe, maana yake Đorđe Mweusi. Kwa miaka tisa Karađorđe alipigana na kuiteka miji, Belgrade ikiwemo. Milan na Miloš walikuwa miongoni mwa makamanda wake. Milan alifariki mwaka wa 1810 akiwa Bucharest. Kulikuwa na uvumi kwamba alitiliwa sumu, na Miloš aliamini kwamba Karađorđe hakuwa na mikono safi katika kifo hicho. Kinyongo hicho kilipanda mbegu ambayo mavuno yake tutayaona.

Mwaka wa 1813 Waturuki walirudi na majeshi makubwa. Urusi, ambayo Waserbia waliitegemea, ilikuwa imeshafanya mapatano na Sultani mwaka mmoja kabla ili ipate nafasi ya kukabiliana na Napoleon. Karađorđe alivuka mto akakimbilia Austria pamoja na makamanda wengi. Miloš hakukimbia. Alibaki, akasalimu amri, akakubali kuwa mkuu wa wilaya chini ya bendera ya Sultani. Mwaka uliofuata, Waserbia wenzake walipoasi chini ya Hadži-Prodan, Miloš aliwasaidia Waturuki kuuzima uasi huo. Je, alikuwa msaliti? Wapo waliomwita hivyo wakati ule. Yeye alikuwa akihesabu. Aliona kwamba uasi huo haukuwa na matumaini, na Waswahili husema kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu.

Hata hivyo, liwali wa Belgrade alizidisha kisasi, vichwa vya watu vikakatwa, na Miloš mwenyewe akatambua kwamba zamu yake ingefika. Jumapili ya Matawi ya mwaka wa 1815, mbele ya umati uliokusanyika Takovo, alitangaza vita. Mapigano yalidumu miezi michache tu. Katika sehemu kama vile Ljubić, Požarevac na Dublje, Waserbia walishinda. Lakini hapa ndipo Miloš alipoanza kuonyesha tofauti yake na Karađorđe. Karađorđe angeendelea kupigana hadi ashinde yote au apoteze yote. Miloš alisimamisha vita alipokuwa angali na nguvu, akaketi kuzungumza. Napoleon alikuwa ameshindwa Waterloo mwezi Juni wa mwaka uo huo, na Sultani aliogopa kwamba Urusi sasa ingekuwa na nafasi ya kugeukia mambo ya Balkani. Kwa hiyo Marashli Ali Pasha na Miloš wakapatana kwa mdomo: Waturuki wabaki katika ngome, nao Waserbia wajikusanyie kodi wenyewe na wawe na sauti katika hukumu za watu wao.

Mapatano hayo hayakuandikwa. Lakini tangu siku hiyo Miloš hakuacha kuyanyoosha. Bandu bandu huisha gogo. Kwa miaka 15 alituma wajumbe Istanbul, akatoa zawadi, akahonga mawaziri, akanyenyekea panapohitajika unyenyekevu na kutisha panapohitajika kitisho. Wagiriki walipoasi mwaka wa 1821, aliiweka nchi yake nje ya vita. Urusi ilipopigana na Uturuki mwaka wa 1828 na 1829, alikaa kimya tena, kisha akavuna matunda ya ushindi wa Urusi. Katika mwaka wa 1830 Sultani alitia muhuri kwenye amri iliyoipa Serbia madaraka ya ndani na kumtambua Miloš kuwa mtawala ambaye kiti chake kingerithiwa na wanawe. Mwaka wa 1833 wilaya sita zilizokuwa zimebaki nje zilirudishwa. Kodi ya kila mwaka kwa Sultani iliwekwa kiwango kisichobadilika, na mtoza kodi wa Kituruki hakugonga tena mlango wa mkulima. Taifa lililokuwa limezikwa kwa zaidi ya miaka 300 lilifufuka, na sehemu kubwa ya ufufuo huo ilipatikana kwa mazungumzo.

Jambo alilofanya baadaye linastahili kukumbukwa zaidi ya vita vyake vyote. Makabaila wa Kituruki walipoondolewa, wakuu kadhaa wa Kiserbia walitamani kuyarithi mashamba na mapato yao. Katika nchi nyingi ndivyo ilivyotokea: mkoloni hutoka kwa mlango wa mbele, na mwananchi mwenye nguvu huingia kwa mlango wa nyuma akakalia kiti kile kile. Miloš alikataa. Ardhi alimwachia mkulima aliyeilima. Tena, kwa amri ya mwaka wa 1836, alizuia nyumba ya mkulima, kipande cha shamba, ng'ombe dume wawili wa kulimia na ng'ombe mmoja wa maziwa visichukuliwe kwa ajili ya deni. Kwa hiyo Serbia ikawa nchi ya wakulima wenye mashamba yao, wakati ambapo katika Urusi wakulima walikuwa bado wakiuzwa pamoja na ardhi.

Na mtu huyu asiyejua herufi aliwafungulia wengine milango ya elimu. Mtambo wa kuchapisha vitabu uliletwa Belgrade mwaka wa 1831. Gazeti la kwanza ndani ya Serbia lilianza kutoka mwaka wa 1834. Mjini Kragujevac, alikoweka makao yake, shule ya sekondari ilianzishwa mwaka wa 1833, na mwaka wa 1838 ikafuatwa na chuo ambacho kilikuja kukua hadi kuzaa Chuo Kikuu cha Belgrade. Mwalimu anayesoma safu hii na afikirie jambo hilo kidogo.

Hizo ndizo sifa zake. Sasa tugeuze sarafu upande wa pili.

Turudi nyuma hadi mwezi Julai mwaka wa 1817. Karađorđe, akiwa ameungana na Wagiriki waliokuwa wakipanga uasi mkubwa wa Wakristo wote wa Balkani, alirudi Serbia kwa siri. Alijificha katika msitu wa Radovanje, chini ya ulinzi wa Vujica Vulićević, mtu aliyefungamana naye kwa undugu wa ubatizo, ambao kwa Waserbia ni undugu mzito kama ule wa damu. Miloš alipopata habari, hakusita. Fahali wawili hawakai zizi moja. Kwa amri yake, na kwa kusalitiwa na ndugu huyo wa ubatizo, Karađorđe aliuawa akiwa usingizini. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa kwa liwali wa Belgrade, na kutoka huko kikafikishwa Istanbul, kiwe ushahidi wa utii wa Miloš kwa Sultani. Miezi michache baadaye baraza la wakuu wa nchi lilimtangaza Miloš kuwa mtawala wa kurithiwa.

Watetezi wake husema kwamba hakuwa na budi. Kama Karađorđe angewasha vita, wasema, Waturuki wangeifagia nchi yote kama walivyofanya mwaka wa 1813, na uhuru uliokuwa ukitafutwa hatua kwa hatua ungepotea kwa siku moja. Hoja hiyo ina uzito, nami siidharau. Lakini ni lazima tuseme pia kwamba kifo hicho kilimfaa Miloš mwenyewe kuliko kilivyoifaa nchi. Wala hakikuwa cha pekee. Petar Moler, aliyekuwa akishindana naye kwa uongozi, alikuwa ameshatolewa kwa Waturuki mwaka wa 1816 akauawa, na askofu Melentije Nikšić alikuwa ameuawa mwaka uo huo. Mtu anaweza kukubali kwamba lazima moja ilitokea. Lazima tatu zinapompendelea mtu yule yule, msomaji ana haki ya kutilia shaka.

Baada ya wapinzani kutoweka, Miloš aliitawala Serbia kama mwenye boma atawalavyo boma lake. Biashara kubwa ya nchi ilikuwa kuuza nguruwe Austria. Nguruwe hao walinenepeshwa kwa matunda ya mialoni iliyojaa katika misitu ya Serbia. Miloš aliikamata biashara hiyo, akaifanya karibu ukiritimba wake. Alijipatia utajiri katika chumvi, na akanunua mashamba makubwa ng'ambo ya mto Danube, katika nchi ya Wallachia. Wananchi waliitwa kwa kazi za shokoa, wakamkatia majani, wakamjengea majumba bila malipo. Tofauti kati ya hazina ya taifa na mfuko wa mtawala haikujulikana. Sheria iliyoandikwa haikuwepo. Mtumishi wa serikali, hata awe mwenye cheo cha juu, angeweza kuchapwa viboko kwa amri ya bwana mkubwa aliyeamka na hasira.

Mmoja aliyethubutu kumwambia ukweli ni Vuk Karadžić, msomi mashuhuri aliyekusanya nyimbo na hadithi za Waserbia na kuitengeneza lugha yao ya maandishi. Mwaka wa 1832, akiwa ng'ambo ya mpaka, katika ardhi ya Austria, alimwandikia Miloš waraka mrefu. Alimweleza kwamba hakuna aliyeridhika na utawala wake isipokuwa wanawe. Alimshauri awape watu haki za kuandikwa, alinde uhai na mali ya kila mtu, na ajenge shule. Hebu tupige picha: karani anasoma kwa sauti, naye mtawala asiyejua kusoma anasikiliza makosa yake yakihesabiwa moja baada ya jingine.

Mwezi Januari mwaka wa 1835 uvumilivu wa watu ulikwisha. Wakuu wa wilaya na maelfu ya wakulima, wakiongozwa na Mileta Radojković, waliandamana hadi Kragujevac. Miloš aliona maji yamezidi unga, akaahidi katiba. Iliandikwa na Dimitrije Davidović, yule yule aliyelianzisha gazeti, na ikatangazwa katika baraza kubwa la taifa tarehe 15 Februari. Ilikuwa katiba ya ajabu kwa wakati wake. Iligawanya mamlaka, ililinda mali na nafsi ya raia, na ilisema kwamba mtumwa yeyote atakayekanyaga ardhi ya Serbia amekuwa mtu huru. Tukumbuke kwamba wakati huo utumwa ulikuwa bado halali katika majimbo mengi ya Marekani, na misafara ya watumwa ilikuwa bado ikiteremka kutoka bara hadi pwani yetu.

Katiba hiyo haikumaliza hata miezi miwili. Uturuki, Urusi na Austria ziliipinga, kwa kuwa ziliona ndani yake moshi wa mapinduzi ya Ufaransa. Miloš aliifuta upesi, na hakuna anayeamini kwamba alilia machozi. Mtu aliyewahi kumshinda Sultani kwa subira ya miaka 15 hakuwa na subira ya kuitetea katiba ya watu wake hata kwa miezi michache.

Lakini hoja ya katiba haikufa. Mwaka wa 1838 wapinzani wake waliojiita Watetezi wa Katiba, akiwemo Jevrem, ndugu yake wa toka nitoke, waliishawishi Istanbul kutoa katiba nyingine. Hapo palikuwa na kichekesho ambacho wanafunzi wa siasa wasikipite. Uingereza, nchi yenye Bunge kongwe, kupitia kwa balozi wake mdogo, Kanali Hodges, ilimuunga mkono Miloš atawale bila kudhibitiwa. Urusi, ambako neno la mfalme lilikuwa ndiyo sheria, ilitaka mamlaka yake yapunguzwe na baraza. Kila moja ilitetea Serbia kile kilichofaa tumbo lake. Wadogo wanaodhani kwamba wakubwa hupigania kanuni na wasome ukurasa huo. Mwisho wake ulikuwa baraza la watu 17 ambao mtawala hakuweza kuwafukuza apendavyo. Miloš alikataa kuishi na wasimamizi. Mwezi Juni mwaka wa 1839 alijiuzulu akaondoka nchini. Mwanawe Milan, aliyekuwa mgonjwa, alirithi akafa kabla mwezi haujakwisha. Mwana wa pili, Mihailo, alitawala hadi mwaka wa 1842, akapinduliwa. Na ni nani aliyewekwa mahali pake? Aleksandar, mwana wa Karađorđe.

Miloš aliishi uhamishoni kwa karibu miaka 20, akizeeka na mali zake katika Wallachia na Vienna. Huko nyumbani Watetezi wa Katiba walijenga kile ambacho yeye hakukijenga: mahakama, utumishi wa serikali wenye kanuni, na mwaka wa 1844 kitabu cha sheria za raia. Lakini nao waligeuka tabaka la makarani wenye kiburi, na wakulima wakaanza kumkumbuka mzee aliyewapa ardhi. Mwezi Desemba mwaka wa 1858 baraza la taifa lilimwondoa Aleksandar na kumwita Miloš. Alirudi mapema mwaka wa 1859, mzee wa karibu miaka 80, akapokewa kwa shangwe. Je, uhamisho ulikuwa umemfunza? Hata kidogo. Alilipuuza baraza, akawafukuza wapinzani, akatawala kama zamani. Toma Vučić Perišić, adui yake mkubwa, alifia kizuizini mwaka huo. Miloš naye alifariki mwezi Septemba mwaka wa 1860, akiwa bado ameshika usukani.

Deni lake, hata hivyo, halikuzikwa naye. Mihailo alirithi tena, akauawa kwa risasi mwaka wa 1868 alipokuwa akitembea katika bustani ya Košutnjak, na watu wa ukoo wa Karađorđe wakashukiwa. Mwaka wa 1903 maafisa wa jeshi waliivamia ikulu usiku wakamuua Mfalme Aleksandar Obrenović na mkewe Draga. Ukoo wa Obrenović ukakoma kutawala, na mjukuu wa Karađorđe, Petar, akavikwa taji. Ilikuwa imepita miaka 86 tangu kile kichwa kitumwe Istanbul. Mmoja wa maafisa waliopanga mauaji hayo, Dragutin Dimitrijević, ndiye yule ambaye jina lake lilikuja kuhusishwa na njama ya Sarajevo mwaka wa 1914. Sisemi kwamba Miloš ndiye aliyeleta Vita Kuu. Nasema tu kwamba nchi iliyozoezwa tangu utotoni kubadilisha watawala kwa kisu haiachi desturi hiyo kwa urahisi.

Tumhukumu vipi basi mtu huyu? Wapo watakaotaka tumweke kati ya mashujaa, na wengine kati ya madhalimu. Mimi naona kwamba kumweka upande mmoja ni kuikwepa kazi. Miloš alikuwa vyote viwili kwa wakati mmoja, tena kwa sababu ile ile. Ujanja uliomwezesha kumzungusha Sultani ndio uliomwezesha kuizungusha katiba. Kosa lake halikuwa kukosa akili wala kukosa mapenzi kwa watu wake, kwa maana aliwapa ardhi walipokuwa hawana wa kuwasemea. Kosa lake ni kwamba aliamini kuwa aliyeikomboa nchi ameinunua. Alimtoa bwana mmoja, akaona ni haki kukikalia kiti kilichobaki wazi. Hakutambua kwamba watu walichokuwa wakikitafuta si bwana wa kabila lao bali sheria iliyo juu ya kila bwana.

Serbia ya leo huiadhimisha tarehe 15 Februari kuwa sikukuu yake ya taifa, kwa kumbukumbu ya mwanzo wa vita vya mwaka wa 1804 na ya katiba ile ya mwaka wa 1835 iliyoishi wiki chache. Siku aliyoamini kuwa ni kushindwa kwake, alipolazimishwa na wakulima kutia muhuri kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, ndiyo siku ambayo wajukuu wa wakulima hao waliamua kuifanyia sherehe.

Kwa hiyo, mwalimu, utakapofika tena kwenye risasi za Sarajevo, usiharakishe kwenda Berlin. Simama kidogo Kragujevac. Waulize wanafunzi wako swali hili, kisha uwaache wabishane: je, mtu akishaikomboa nchi, nchi hiyo inadaiwa naye nini, naye anadaiwa nini na nchi?